Betri zako hazijafa kwa uzee, zimekufa njaa

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Fundi shikamoo. Niko kijijini huku Sengerema, nguzo za umeme hazijatufikia. Nina paneli moja ya wati 100, kontrola ya kuchajia ya ampea 20, inveta, na betri ya maji ya volti 12 ampea 100. Usiku tunawasha tivii ya inchi 32 na king'amuzi, taa tatu, na simu kama nne za hapa nyumbani. Betri ya kwanza ilikaa mwaka, ya pili miezi tisa tu, sa hivi tukiwasha saa moja jioni ikifika saa nne inveta inalia na kuzima, wakati mchana kutwa taa ya kontrola ni kijani. Fundi wa hapa anasema niongeze betri ya pili, mwingine anasema ninunue ya gari ndo ngumu, mwingine lithiamu. Ninunue ipi na niitunzeje? Pikipiki yangu nayo inasumbua betri, na simu haikai na chaji. Alafu kuna jirani mvuvi anazitaka hizi betri mbovu azivunje atoe risasi ya nyavu, nimpe?"

Marahaba mdogo wangu. Umenisaidia sana kuandika vitu vyako vyote, mana wengi wanaandika tu "betri yangu imekufa ninunue ipi" na hapo hata ukiwa fundi wa miaka ishirini huna cha kujibu. Kwaiyo nakujibu kwa kirefu, na nakuomba kabla hujatoa hata shilingi ya betri mpya usome mpaka mwisho, hasa lile la jirani yako mvuvi.

Tuanze na hesabu mana jibu lote liko hapo. Tivii ya inchi 32 za siku hizi inakula kama wati 45, king'amuzi 12 hivi, taa tatu za wati 7 ni 21, jumla 78. Ukiwasha saa moja jioni mpaka saa sita usiku ni masaa matano, unapata wati-saa 390, weka na simu nne kama 60, unafika 450. Inveta, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa wa tivii, nayo inakula chake, kwaiyo betri inatoa kama 520 ili wewe utumie 450. Gawanya kwa 12, hiyo ni ampea-saa 43 kila usiku, yaani ampea mara masaa. Sasa upande wa kuingiza: paneli ya wati 100 jua likiwa kali kabisa inatoa ampea 5 na nusu hivi, na huku kanda ya ziwa jua kali la kuhesabika ni kama masaa matano kwa siku, asubuhi na jioni linamulika tu. Tano na nusu mara tano ni 27 na kitu. Na betri ya risasi kama hii yako ya maji haihifadhi kila unachoipa, nyingine inapotea kwa joto na mapovu, ukibahatika inabaki 23.

Yaani kila siku unachota 43 unarudisha 23. Siku ya kwanza hujui kitu, ya pili hujui, ya tatu ya nne betri iko chini kabisa, na kuanzia hapo kila usiku unakula kile tu kilichoingia mchana wa siku hiyo, ambacho kwa mzigo wako kinakaa masaa matatu. Saa moja mpaka saa nne. Umeona? Hapo hata betri ingekuwa mpya kutoka kiwandani ingezima saa nne ileile. Kwaiyo ile ya kwanza pengine mwezi wa kwanza tu ilikua tayari inalala na njaa, wewe ukawa unaona "betri dhaifu".

Na njaa ndiyo inayoua betri ya risasi kuliko kitu kingine chochote. Ukiitumia, mabamba yake ya ndani yanajipaka chumvi fulani nyeupe, sulfati ya risasi, hiyo ni kawaida ndo jinsi inavyofanya kazi tangu Gaston Planté alipoitengeneza Ufaransa mwaka 1859. Ukiichaji ikajaa, ile chumvi inayeyuka inarudi kwenye asidi. Ila ukiiacha nusu, siku mbili, wiki, mwezi, ile chumvi inaganda inakua chenga ngumu, na ikishaganda chaji ya kawaida haiiyeyushi tena. Kila siku kaeneo kadogo ka bamba kanafunikwa. Miezi tisa baadae una betri ya ampea 100 kwa jina, ndani imebaki thelathini.

Juzi kaletwa moja hapa gereji inafanana na yako kabisa, mwenye nayo kaifunga kwenye keria ya baiskeli na mpira. Nikafungua vifuniko sita, nikamulika tochi: seli nne za kwanza mabamba yanaonekana yamepauka meupe meupe kama ukoko wa ugali kwenye sufuria, mbili za mwisho maji yameshuka chini ya mabamba kabisa. Nikaingiza haidromita, kile kibomba cha kioo chenye boya ndani, nikavuta asidi: boya likazama mpaka 1.13. Betri iliyoshiba inasoma 1.265 mpaka 1.280, ikiwa nusu inasoma 1.19 hivi. Mwenyewe akaniambia "lakini fundi imetoka kwenye jua sasa hivi". Ni kweli ilitoka kwenye jua, ila ilikua haijashiba hata siku moja kwa miezi. Nikaiweka kwenye chaja ya pole pole siku mbili, ikapanda mpaka 1.20 ikagoma hapo. Hiyo tena hairudi.

Sasa ile taa ya kijani. Kwenye kontrola nyingi za bei ya chini kijani haimaanishi imejaa, inamaanisha paneli inaleta umeme, au betri imegusa volti fulani kwa sekunde chache. Usiiamini. Tafuta mita ndogo ya mkononi, zile za kidijitali zenye waya mwekundu na mweusi, bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na betri. Amka alfajiri kabla jua halijatoka, kila kitu kimezimwa, pima kwenye vichwa vya betri vyenyewe. 12.7 imeshiba, 12.4 iko robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki robo, 11.8 kushuka chini imeisha. Alfajiri ukikuta 12.2 au zaidi uko salama, ukikuta 11.9 kila siku ujue unaiua. Alafu jioni jua likizama, kabla hujawasha chochote, iache itulie japo nusu saa upime tena, ikiwa haijawahi kufika 12.6 hata siku moja kwa wiki nzima basi haishibi, nukta.

Kingine ambacho nina uhakika umefungiwa vibaya, mana karibu wote wanafunga hivyo: inveta imeungwa moja kwa moja kwenye betri. Hiyo si kosa, ndo inavyotakiwa mana inavuta umeme mwingi, ila maana yake kontrola haiwezi kuizuia. Kontrola inakata taa zake betri ikishuka kwenye 11 hivi, lakini inveta inaendelea kunyonya mpaka 10.5 au hata 10 ndo inalia na kuzima. Ule mlio unaousikia saa nne usiku ni betri iko kwenye mifupa. Kila usiku. Inveta nyingine zina sehemu ya kuiwekea ikate juu zaidi, kama yako haina basi utabidi uzime kwa mkono ukiona mita inasoma 11.8 huku tivii inawaka, usingoje mlio.

Kwaiyo ushauri wa kuongeza betri ya pili, na simsemi vibaya fundi wako, kwako ni kuongeza njaa. Paneli ileile moja inalisha midomo miwili badala ya mmoja. Na ukiunga betri mpya na chakavu pamoja ile chakavu inainyonya mpya mpaka zinakua sawa, zote chakavu. Betri zikiungwa pamoja ziwe za aina moja, ukubwa mmoja, zimenunuliwa siku moja.

Betri ya gari je? Hapana. Betri ya gari imetengenezwa kwa kazi moja, kutoa umeme mwingi sana kwa sekunde tatu nne kuzungusha injini, alafu oltaneta, ile jenereta ya gari, inairudishia palepale. Ndani ina mabamba mengi membamba ili asidi iguse eneo kubwa. Ukiifanyia kazi ya kuvutwa pole pole usiku kucha mpaka ikaribie kuisha, yale mabamba membamba yanamomonyoka, ndani ya miezi michache imekwisha. Ya sola ina mabamba mazito kwa ajili hiyo, haiwezi kupiga stata vizuri ila inavumilia kuvutwa. Wanaosema ya gari ni ngumu wanaona ile nguvu ya stata wanafikiri ni uvumilivu, ni vitu viwili tofauti.

Jibu langu kwako ni hili: anza na paneli. Ongeza mbili za wati 100 zenye volti sawa na hiyo uliyonayo ziwe tatu, uziunge pamoja chanya na chanya hasi na hasi, utapata ampea kama 16 jua likiwa kali, kontrola yako ya 20 inabeba bila shida. 16 mara 5 ni 80, unatumia 43, hapo hata kukiwa na mawingu kidogo betri inashiba. Waya wa kutoka kwenye paneli usiwe ule mwembamba wa spika, nimeona watu wananunua paneli nzuri alafu volti yote inapotelea njiani kwenye waya wa mita ishirini. Alafu ndo tuongelee betri.

Hapo una njia mbili za kweli. Ya kwanza ni betri ya risasi ya kazi hiyo, ya jeli au ya maji yenye mabamba mazito, na uapie kwamba hutaishusha chini ya nusu. Ukiitunza hivyo inakupa mizunguko kama 300 mpaka 500 ya kuchaji na kutumia, mwaka hivi mpaka karibu mwaka na nusu kwa matumizi ya kila siku, zaidi kama unaishusha kidogo tu. Ya pili ni lithiamu, na hapa sikiliza vizuri: sio lithiamu yoyote, tafuta iliyoandikwa LiFePO4, yaani lithiamu ya chuma na fosfeti. Hiyo unaweza kuitumia mpaka asilimia 80 kila siku na nzuri yake inakupa mizunguko 2000 na zaidi. Piga hesabu mwenyewe: ya risasi wati-saa 600 mara 500 ni laki tatu, ya lithiamu wati-saa 1000 mara 2000 ni milioni mbili. Hata ikiwa bei yake ni mara nne bado umeme wake ni rahisi. Na jambo lingine ambalo kwa mtu wa kijijini ni kubwa kuliko hilo, lithiamu haiugui njaa. Ikikaa imejaa nusu tu wiki nzima ya masika haigandi chumvi, mana haina chumvi hiyo. Kwaiyo kama hela unaweza kuikusanya hata kwa miezi mitatu minne, mimi ningesubiri nikanunua hiyo, huku mbele ukisukuma na taa peke yake kwenye betri hii mbovu.

Ila lithiamu ina masharti yake. Kontrola iwe na sehemu ya kuichagua lithiamu, au uweze kuiwekea volti mwenyewe, 14.2 mpaka 14.4 inatosha. Zile kontrola za betri ya maji mara moja kwa mwezi zinapandisha mpaka volti 15 hivi kuichemsha asidi, hiyo kwa ya maji ni dawa, kwa lithiamu ni hatari. Ndani yake kuna kibao cha ulinzi, BMS, kinachokata chenyewe ikizidi au ikiisha, kwaiyo ukipima siku moja ukakuta sifuri kabisa usikimbilie kusema imekufa, mara nyingi imejifunga tu, ukiipa chaji inayoielewa inaamka.

Na usinunue bila mizani. Hili nawaambia wote: ukienda dukani nenda na ile mizani ya kuning'iniza ya samaki, huko kwenu si ipo. Betri ya risasi ya kweli ya ampea 100 ina kilo 25 mpaka 30 na kitu, mana risasi haina njia ya mkato, ukikuta imeandikwa 100 alafu ina kilo 18 hiyo ni ampea 60 imevaa koti. Ya LiFePO4 ya 100 ina kilo 10 mpaka 13 hivi, ikiwa na kilo 6 iache hapohapo. Uliza pia tarehe ya kutengenezwa, mana betri ya risasi iliyokaa dukani mwaka bila kuchajiwa imeshaganda chumvi kabla hujainunua, ipime mbele ya muuzaji, chini ya 12.4 sichukui.

Matunzo ya ile ya maji kama utabaki nayo. Fungua vifuniko kila mwezi, maji yawe juu ya mabamba kiasi cha unene wa kidole, ukiongeza ongeza baada ya kuchaji sio kabla, mana ikichaji yanapanda yatamwagika. Na hapa kuna jina linaloua betri nyingi sana kwetu: "maji ya betri". Ukienda dukani ukasema hivyo kuna anayekupa maji yaliyosafishwa na kuna anayekupa asidi, vyote watu wanaviita jina moja na chupa zinafanana. Kwenye betri inayotumika kinachopungua ni maji tu, asidi haiendi popote. Ukiongeza asidi unaikoleza inakula mabamba, inapata nguvu wiki moja mbili unafurahi, alafu inakufa. Sema "maji yaliyosafishwa", soma chupa. Ya bomba na ya kisima usiweke, yana madini, ya mvua yaliyopita kwenye bati nayo hapana.

Iweke mahali penye kivuli na hewa, sio juu ya dari chini ya bati na sio jikoni. Joto likizidi nyuzi 10 juu ya ile 25 ambayo watengenezaji wanapimia, maisha ya betri yanapungua karibu nusu, huo ndo mzani wanaotumia mafundi wa betri na kwa macho yangu ni kweli. Chumbani mnapolala pia hapana kama ni ya maji, ikichaji inatoa haidrojeni, hewa inayolipuka kwa cheche ndogo tu. Ile ya kusema isiwekwe kwenye sakafu ya sementi itanyonywa chaji, achana nayo, ilikua kweli enzi za betri za makasha ya zamani, plastiki ya sasa haipitishi kitu. Vichwa vikiota ule unga mweupe wa kijani osha na magadi soda kwenye maji, vifuniko vikiwa vimefungwa, kausha, paka grisi. Ukifungua waya anza na hasi, ukifunga malizia na hasi. Mimi nina alama kwenye kidole cha pete mpaka leo, spana iligusa kichwa chanya na bodi ya gari kwa pamoja, pete ikapata moto ikaniunguza mpaka nyama kabla sijaivua. Tangu siku hiyo sishiki betri na pete wala saa ya chuma.

Pikipiki. Betri yake ni ndogo, nyingi ni ampea 5 mpaka 9, na tatizo lake mara nyingi linaanzia siku ya kununua. Muuzaji anakata, anamimina asidi, anakufungia palepale unaondoka umefurahi. Betri ikimiminwa asidi kwa mara ya kwanza inakua imeamka kama asilimia 80 tu, inatakiwa itulie nusu saa mpaka saa nzima, alafu ichajiwe pole pole kwa moja ya kumi ya ampea zake, ya ampea 5 ichajiwe kwa nusu ampea masaa matano mpaka kumi. Ukikosa hapo ile ishirini iliyobaki huipati tena maisha yake yote. Siku ingine ukinunua mwambie akumiminie, uende nayo nyumbani uichaji kwenye hiyo sola yako kupitia chaja ndogo, kesho ndo ufunge. Na uangalie kale kamfuniko kadogo kekundu ka pembeni kwenye tundu la kupumulia, ni lazima katolewe na mpira wa kupumulia ufungwe bila kukunjwa, nimeshaona betri zimevimba tumbo kwa sababu hako kamebaki.

Alafu niambie ukweli, umefunga taa za ziada na redio? Kama ndiyo na safari zako ni fupi fupi za kijiweni na sokoni, injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kuvutwa mafuta, inazalisha umeme kidogo sana, taa na mziki vinakula zaidi. Pima ukiwa umewasha injini na kuvuta mafuta kiasi, vichwa vya betri visome 13.8 mpaka 14.4 hivi. Ikisoma 13 kushuka kuna shida ya kuchaji, hata ukinunua betri kumi zitakufa. Ikivuka 15 kile kirekebisha volti kimekufa na betri inachemshwa, maji yatakua yanaisha kila wiki.

Simu sasa, na hapa tabia inageuka kabisa, mana watu wanachukua sheria za betri moja wanazipeleka kwenye nyingine. Betri ya risasi inataka kushiba kila siku. Betri ya simu ni lithiamu ya aina nyingine, inayochoka haraka ikikaa imejaa mia na ikiwa na joto. Ile ya kusema simu mpya ichajiwe masaa nane au kumi na mbili kwanza ilikua ya betri za nikeli zamani, kwa hizi za sasa haina kazi. Usiisubiri izime ndo uchaji, chaji kidogo kidogo wakati wowote, ikizunguka kati ya 20 na 80 inadumu zaidi. Na joto: simu kwenye mkono wa pikipiki, jua la saa saba, inachaji huku ramani imewashwa, hapo unaizeesha kwa mwezi kiasi cha miezi kadhaa. Usiku ukichaji usiiweke chini ya mto. Ikivimba, kioo kinaanza kunyanyuka, usiibonyeze usiichome na chochote, izime, iweke nje juu ya kitu kisichoungua, peleka ikatolewe.

Tochi na redio za kuchaji zenye zile betri ndefu za mviringo, zinaitwa 18650 kwa sababu kipenyo ni milimita 18 na urefu 65, ukikuta imeandikwa miliampea-saa 9900 ujue ni uongo mtupu, hakuna ya ukubwa huo duniani inayokaribia hapo, nzuri nyingi hazizidi 3600 hivi. Nzuri ina gramu 45 hivi. Za uongo nyingine ndani wamejaza unga kuongeza uzito, kwaiyo bora ununue iliyoandikwa 2000 au 2600 ya kweli.

Hujauliza gari lakini kuna wasomaji wengi sa hivi wana Toyota Aqua na Prius zilizotumika, nao naomba wanisikie kidogo, mana ni joto lilelile. Betri kubwa ya haibridi, yaani gari la petroli na umeme kwa pamoja, inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari, tundu lake liko pembeni au chini ya siti ya nyuma. Barabara zetu zina vumbi, kichujio kinaziba, abiria anaweka begi pale, betri inajichemsha taratibu, alafu taa inawaka mtu anaambiwa anunue betri nzima. Fungua kile kifuniko kila baada ya miezi michache usafishe. Dakika ishirini.

Na sasa jirani yako. Usimpe mdogo wangu, nakuomba sana, hata kama ni rafiki na hata kama anakupa samaki. Ukivunja betri kwanza asidi inamwagika kwenye mchanga ambako kuku na watoto wanatembea, alafu akiyeyusha risasi kwenye sufuria ule moshi na lile vumbi la kijivu linatua kwenye nguo, kwenye chakula, kwenye nywele za watoto wake. Risasi haina kiwango salama kwa mtoto, inaingia kwenye ubongo unaokua na haitibiki ikarudi ilivyokua, mtoto unamuona mzima tu ila darasani hashiki. Mombasa mtaa wa Owino Uhuru walikua na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu jirani na nyumba, watu wakaugua, watoto wakaugua, mama mmoja anaitwa Phyllis Omido aliyekua akifanya kazi hapo akaanza kupigania baada ya mwanae mchanga kukutwa na risasi kwenye damu, akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamua wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Na hicho kilikua kiwanda chenye ukuta na bomba la moshi, jirani yako anataka kufanya uani. Mwambie mawe na udongo wa kuchoma vilizamisha nyavu za babu zake, vitazamisha na zake.

Hizo mbili mbovu hakikisha vifuniko vimekaza, zisimamishe wima kwenye beseni la plastiki, zifunge vizuri kwenye gari linalokuja mjini, Mwanza wanunuzi wa betri chakavu wapo na wanapima kwa kilo, nzima bila kuvunjwa na asidi ikiwa ndani ndo zinavyotakiwa. Hela utakayopata haitoshi betri lakini itaanza kukusogeza kwenye paneli. Kabla ya hapo nipimie wiki moja, alfajiri na jioni, uandike kwenye daftari, unitumie hizo namba kumi na nne, nikuambie kama hizo paneli mbili za kuongeza zinatosha au uweke na ya nne.